Ng'ombe au nguruwe? Swali la valvu ya moyo lina mengi zaidi ya mnyama

Valvu ya moyo iliyotokana na mnyama hufika chumba cha upasuaji ikiwa ndani ya kopo, imezama kwenye dawa kali. Muuguzi huitoa na kuisuuza kwa maji ya chumvi, bakuli moja baada ya jingine, ndipo daktari aishone mahali pake. Dawa yenyewe ni glutaraldehaidi, ileile inayotumika viwandani kuzuia ngozi isioze.

Aliyeileta kwenye moyo ni Alain Carpentier, daktari wa Ufaransa. Mwaka 1965 yeye na wenzake jijini Paris waliwapandikizia wagonjwa valvu za wanyama, lakini hazikudumu: mwili ulizishambulia, zikachakaa mapema. Carpentier akarudi kusoma kemia, na kufikia 1968 alikuwa ameanza kutumia glutaraldehaidi. Dawa hiyo hufunga nyuzi za kolajeni zishikamane, na mwili ukapunguza uadui.

Mwanzoni valvu nzima ya nguruwe ndiyo iliyotumika, kwa kuwa inakaribia ya binadamu kwa ukubwa na umbo. Ina kasoro yake: pazia moja kati ya matatu lina msuli chini yake, na msuli huo hupunguza njia ya damu. Mwaka 1971, huko Leeds, Uingereza, Marian Ionescu alichukua utando unaofunika moyo wa ng'ombe. Utando hukatwa kwa kipimo chochote na kushonwa kwenye fremu, kwa hiyo mtengenezaji halazimiki kufuata umbo alilozaliwa nalo mnyama.

Muislamu akisikia nguruwe, hushtuka, na ana haki ya kuuliza. Wanazuoni wengi huruhusu kwa hoja ya dharura, na ya ng'ombe ipo pia. Kwa maoni yangu, hapo siyo penye uzito. Uzito uko kwenye umri wa mgonjwa.

Glutaraldehaidi inayoilinda tishu ndiyo pia huchangia chokaa kujikusanya juu yake, na kwa kijana chokaa hukimbia. Mzee wa miaka 70 anaweza kuishi na valvu yake bila kuhitaji nyingine. Msichana wa miaka 20 karibu hakika atarudi kupasuliwa. Na huku kwetu wagonjwa wengi ni vijana, walioharibiwa valvu na homa ya baridi yabisi iliyoanza na maambukizi ya koo utotoni.

Basi wapewe ya chuma na kaboni? Hiyo hudumu, lakini inadai warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote na damu kupimwa mara kwa mara. Anayeishi mbali na maabara yuko hatarini: dozi ikipungua damu huganda kwenye valvu, ikizidi anavuja damu. Warfarini inaweza pia kumdhuru mtoto aliye tumboni, ndiyo maana madaktari wengine humpa mwanamke anayetaka kuzaa valvu ya tishu huku wakijua atahitaji nyingine.

Ukiitwa kusaini fomu ya upasuaji, usiishie kuuliza mnyama gani. Muulize daktari: valvu hii itanifaa miaka mingapi kwa umri wangu, damu yangu itapimwa wapi, na ikichakaa, nani atalipia ya pili?