Nukta ya Kijani Ndani ya Kimelea cha Nzi

Msomaji mmoja ameniandikia kwa wasiwasi. Majibu ya maabara yanasema "ANA chanya, 1:80", na jamaa zake wameshaanza kutaja lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe. Ndugu yangu, tulia kwanza. Seramu yako ilizimuliwa mara 80, na bado zikaonekana ANA, yaani kingamwili zinazoshika viini vya seli za mwili wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwapima watu wenye afya zao, na takriban 13 katika kila 100 walikuwa chanya kwa kiwango hichohicho.

Kipimo cha ANA ni jarife, hukusanya kila kipitacho. Seli za binadamu hutandazwa kwenye kioo, zikamwagiwa seramu, kisha rangi ing'aayo kijani chini ya hadubini. Kiini kikiwaka chote umejua kwamba kuna kitu wavuni, lakini hujajua ni changu au kibua. Ukimtaka samaki mmoja tu, tafuta ndoana na chambo asichokigusa mwingine. Chambo chenyewe, ajabu ya Mungu, kinatoka kwa mdudu aishiye ndani ya utumbo wa nzi!

Anaitwa Crithidia luciliae, kimelea cha seli moja, wa ukoo mmoja na trypanosoma wa malale, ila huyu hatudhuru. Ana mitokondria moja tu, kubwa, na humo, jirani na shina la mkia wake, kuna kinetoplasti: maelfu ya vipete vya DNA vilivyofumana. Katika viini vyetu DNA hujizungusha kwenye protini za histoni, kwa hiyo kiini kikiwaka, huenda kilichoshikwa ni histoni. Vipete vile havina histoni hizo. Kingamwili ikinasa pale, imenasa DNA ya nyuzi mbili yenyewe, na nje ya lupasi hilo hutokea mara chache.

Basi vimelea hivi hutandazwa kwenye kioo badala ya seli za binadamu, na mpimaji makini hutafuta nukta moja tu ya kijani: kinetoplasti. Kiini kikiwaka peke yake, hahesabu. Shina la mkia likiwaka peke yake, hahesabu pia, ingawa liko karibu mno na mgeni wa kazi hudanganyika.

Wapo wagonjwa wa lupasi ambao nukta haiwaki. Kwa hiyo kabla hujalipia kipimo hiki, mweleze daktari habari za viungo vyako, ngozi na mkojo.