Muhuri watoka ofisini na kuingia katika shajara

Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, neno muhuri huleta kwanza picha ya dirisha la ofisi. Barua ya serikali ya mtaa nchini Tanzania, barua ya chifu nchini Kenya, cheti cha kuzaliwa, pasipoti: vyote husubiri kishindo kile kimoja cha mpira juu ya karatasi, na pasipo kishindo hicho mwenye shida hurudi nyumbani mikono mitupu. Waliovuka mipaka wanalijua hilo zaidi, maana wako ambao muhuri mmoja uliamua waingie au warudishwe walikotoka.

Uko, hata hivyo, muhuri wa namna nyingine, ambao mwenyewe huupiga bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Huo ni muhuri wa mapambo: kipande cha mpira au plastiki kilichochongwa ua, ndege, jahazi, tarehe au jina, ambacho huchovywa katika wino na kugongwa kwenye shajara, daftari la safari, karatasi ya barua au bahasha. Usichanganywe na stempu ya posta, ambayo hununuliwa na kubandikwa. Muhuri mmoja hutumika mara mamia, na kila alama inayotoka hutofautiana kidogo na mwenziwe.

Asili yake ni ya kale

Jambo lenyewe si geni. Zaidi ya miaka 5000 iliyopita, watu wa Mesopotamia, katika nchi inayoitwa leo Iraq, walikuwa wakichonga mihuri ya mawe na kuibiringisha juu ya udongo mbichi ili kuacha alama ya mwenye mali. Neno muhuri limeingia katika Kiswahili kutoka lugha ya Kiajemi. Katika mapokeo ya Kiislamu, imepokewa kwamba Mtume Muhammad alitengenezewa pete ya fedha yenye muhuri baada ya kuelezwa kwamba Warumi hawasomi barua isiyopigwa muhuri.

Matumizi ya mihuri kwa ajili ya urembo yana mizizi barani Afrika pia. Katika mji wa Ntonso nchini Ghana, mafundi huchonga mihuri kwa vipande vya vibuyu, wakaichovya katika wino mweusi unaopikwa kwa magamba ya mti, na kuipiga juu ya nguo za adinkra. Kila alama ina jina lake na maana yake. Jumba la makumbusho la British Museum mjini London lina nguo ya aina hiyo iliyochukuliwa kutoka Ghana mwaka 1817.

Muhuri wa mpira uliozoeleka ofisini ulikuja baadaye. Mwaka 1844 Charles Goodyear wa Marekani alipata hataza ya njia ya kuuimarisha mpira kwa salfa na moto, ili usinate wakati wa joto wala usikakamae wakati wa baridi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mihuri ya mpira ikaenea maofisini.

Kutoka hapo hadi kwenye madaftari ya watu binafsi, Japan imekuwa na mchango mkubwa. Mwaka 1931 kituo cha reli cha Fukui kiliwawekea wasafiri muhuri wa picha ili waupige wenyewe katika madaftari yao, na desturi hiyo ikaenea katika vituo vingi vya nchi hiyo. Nchini Marekani, tangu mwaka 1986 wageni wa hifadhi za taifa wamekuwa wakinunua kijitabu maalumu na kukipiga muhuri wenye jina la mahali na tarehe. Wakazi wa nchi za Ghuba wataikumbuka desturi hiyo kutokana na maonyesho ya Expo 2020 ya Dubai, yaliyofanyika kuanzia Oktoba 2021 hadi Machi 2022, ambako wageni walipita na vijitabu vya manjano kutoka banda moja hadi jingine wakikusanya mihuri ya mataifa, yakiwemo ya Afrika Mashariki.

Wino ndio roho ya kazi

Anayeanza aghalabu huhangaikia picha ya muhuri, akaudharau wino. Hilo ni kosa, kwani picha huchagua uzuri wa leo, na wino huamua kama ukurasa utasomeka baada ya miaka 30. Mtu anayeishi ughaibuni na kuandika shajara ili wanawe waje kuisoma ana sababu ya kulizingatia jambo hili kuliko mwingine.

Wino wa mihuri umegawanyika katika makundi mawili makubwa. La kwanza ni wino ambao rangi yake imeyeyuka kabisa katika maji. Huu hukauka upesi na hupatikana kwa bei nafuu, lakini huzama ndani ya karatasi, hupenya upande wa pili iwapo karatasi ni nyembamba, na mwingi wake hupauka ukikaa kwenye mwanga. La pili ni wino wenye chembe ndogo za rangi ambazo hazikuyeyuka. Chembe hizo hubaki juu ya karatasi, hutoa mistari iliyokolea, na hustahimili mwanga kwa muda mrefu zaidi. Kasoro yake ni kwamba huchelewa kukauka, hasa juu ya karatasi inayong'aa, na mwenye haraka huuvuruga kwa kiganja.

Kwa shajara inayokusudiwa kudumu, kundi la pili ndilo linalofaa. Kwa kadi ya salamu au bahasha itakayotupwa baada ya wiki moja, la kwanza latosha.

Liko jaribio jepesi ambalo kila mtu anaweza kulifanya nyumbani. Muhuri upigwe kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari na kuachwa hadi kesho yake. Kisha karatasi igeuzwe kutazamwa kama wino umepenya, na tone la maji lidondoshwe juu ya alama kuona kama itatawanyika. Kwa mwanga, alama nyingine ipigwe kwenye karatasi pembeni, nusu yake ifunikwe kwa kadi nzito, na karatasi iwekwe dirishani penye jua kwa wiki kadhaa. Tofauti ya nusu mbili hizo itasema yote.

Namna ya kupiga

Mihuri ya mapambo huuzwa kwa sura tatu. Uko wa mpira uliobandikwa kwenye kipande cha ubao. Uko wa plastiki laini angavu unaonatishwa kwenye kibao cha plastiki ngumu, ambao humwezesha mtumiaji kuona mahali anapopiga. Na uko unaobeba wino wake ndani. Kampuni ya Shachihata ya Japan ilianza kuuza muhuri wa aina hii ya mwisho mwaka 1965.

Muhuri ugongwe kwenye pedi ya wino kwa wepesi, mara tatu au nne, badala ya kukandamizwa mara moja kwa nguvu. Ukiwa mkubwa kuliko pedi, ulazwe chali na pedi ndiyo iugonge. Halafu ushushwe wima juu ya karatasi, ubonyezwe sawasawa bila ya kuyumbishwa, na kuinuliwa wima. Kuyumbisha ndiko kunakoleta kivuli pembezoni mwa picha. Katika daftari nene, kadi ngumu iwekwe chini ya ukurasa ili pawe tambarare.

Baada ya kazi, muhuri hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Haufai kulowekwa, kwa maana gundi ya ubao itaachia, wala kusafishwa kwa petroli. Uhifadhiwe mbali na jua.

Si lazima kununua

Asiye na fedha ya mihuri ya dukani hana sababu ya kukata tamaa. Wengi waliosoma shule za msingi Afrika Mashariki wanakumbuka kupiga chapa kwa kiazi kilichokatwa katikati. Bamia iliyokatwa kwa upana hutoa umbo la ua ambalo fundi angelichonga kwa taabu. Alama hizo ni za siku moja, kwani mboga hunyauka.

Anayetaka muhuri wa kudumu achonge raba ya kufutia. Picha huchorwa kwa penseli kwenye karatasi nyembamba, karatasi ikalazwa kifudifudi juu ya raba na kusuguliwa kwa ukucha. Mchoro utahamia kwenye raba ukiwa umepinduka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana ukipigwa utanyooka. Kanuni ni hiyo hiyo kwa majina na herufi, ziwe za Kilatini au za Kiarabu. Kinachobaki ni kuondoa kwa wembe, taratibu, sehemu zote zisizo na penseli, vidole vikiwa nyuma ya makali.

Mipaka ya kuchunga

Pana mahali pamoja ambapo muhuri wa mapambo haufai kabisa, napo ni pasipoti. Katika baadhi ya vivutio vya utalii, ikiwemo Machu Picchu nchini Peru, wageni wamekuwa wakipiga mihuri ya ukumbusho kwenye pasipoti zao halisi. Alama isiyo rasmi yaweza kumfanya ofisa wa uhamiaji au wa shirika la ndege aihesabu hati kuwa imeharibiwa, na msafiri akazuiwa. Daftari la kawaida ndilo liende safari kwa kazi hiyo. Vivyo hivyo, kuchonga muhuri unaofanana na wa serikali, hata kwa mzaha, kunaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Jambo la mwisho linahusu kalamu. Kurasa nyingi zilizopambwa vizuri huishia bubu: jahazi lipo, ua lipo, lakini hakuna tarehe, mahali wala jina la aliyekuwepo. Miaka ikipita, hata mwenye daftari hushindwa kukumbuka kilichomfanya apige alama ile. Mistari miwili ya maandishi pembeni, yenye siku, mji na majina, humtosha msomaji wa baadaye. Muhuri wa ofisini huthibitisha kwamba mtu mwingine ameridhia. Ule wa shajara huthibitisha kwamba mwenyewe alikuwepo, mradi ameandika ni lini na wapi.