Eksirei safi, mgongo unauma

Jirani yangu huvuka mpaka wa Mugina kwenda Manyovu kila wiki na kurudi na vitenge kichwani. Mwaka 2023 mgongo ulimkamata. Eksirei haikuonyesha kitu. Mumewe akasema anajisingizia, na chamani anakoweka na kukopa wakaanza kumnong'ona kwa kuchelewesha marejesho.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe umesomea kambini, Kiswahili unakijua. Nisindikize ng'ambo." Kweli, nilisoma Mtabila, Kasulu, kambi iliyofungwa mwaka 2012. Nikaenda kuwa mkalimani wake.

Mtaalamu wa viungo alianza na kiti. Asimame na kuketi mara 5, mikono kifuani, saa ikihesabu. Alitumia sekunde 31. Akainama magoti yakiwa yamenyooka. Vidole vikaishia sentimita 28 juu ya sakafu. Akatembea, naye akapimwa muda. Mwisho alilala chali, mguu ukanyanyuliwa ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka hadi chini ya goti, mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70, huenda mshipa wa fahamu umebanwa. Kwake hayakushuka.

Nikauliza: mbona picha haikuona kitu? Akajibu kwamba eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi maumivu. Wapo wenye pingili zilizochakaa wasioumwa, na wapo wanaoumwa sana picha ikiwa safi. Ndiyo maana hupimwa kile mwili unachoweza kufanya, kisha hupimwa tena baadaye. Hata hofu ya kuumia humchelewesha mtu, na hiyo si uongo.

Hakuambiwa alale kitandani. Alipewa mazoezi, akaambiwa atembee kila siku na agawe mzigo mara mbili. Baada ya wiki 6 alisimama mara 5 kwa sekunde 16.

Karatasi yenye namba hizo aliipeleka chamani, wakamwongezea miezi miwili ya kulipa. Kambini tulizoea kuhesabiwa ili tupewe mgao; safari hii hesabu ilimtetea mtu.

Ndugu msomaji unayebeba mizigo, ukienda hospitali usiombe picha tu. Omba wapime unavyosimama, unavyoinama na unavyotembea. Lakini ukifa ganzi sehemu za siri, ukashindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu ikalegea, usingoje vipimo vya kiti. Kimbilia hospitali siku hiyo hiyo.

Na mumewe? Sasa hubeba nusu ya mzigo.