Je, Wajua? Mahubiri 86, na Bado Sura ya Tatu

Wimbo Ulio Bora una sura nane tu. Ukianza kuusoma na kikombe cha chai mkononi, utaumaliza chai haijapoa. Ni maneno ya wapenzi wawili: mabusu, manukato, kutafutana usiku. Lakini tangu Origen, karne ya 3, Wakristo wengi wameyasikia humo mapenzi ya Kristo na Kanisa lake, au ya Kristo na roho ya muumini mmoja mmoja.

Je, wajua kwamba abate Bernard wa Clairvaux, Ufaransa, alianza kuuhubiri wimbo huu mwaka 1135, akafariki 1153 akiwa na mahubiri 86 na ndiyo kwanza anaingia sura ya tatu? Lile busu la mwanzoni pekee lilimchukua mahubiri kadhaa. Roho, alifundisha, hairukii mdomo wa Bwana Arusi. Kwanza ibusu miguu kwa toba, kisha mkono unaoinua, ndipo mdomo. Sisi hapo hatuhitaji maelezo marefu: shikamoo yenyewe husemwa ilitokana na kushika miguu.

Kwenye hubiri la 26 alikatiza mafundisho, akaanza kumlilia ndugu yake Gerard, mtawa mwenzake, aliyefariki 1138. Kwangu mimi hilo ndilo hubiri la kusomwa kabla ya mengine yote.

Gilbert wa Hoyland, abate wa Uingereza, aliendelea pale Bernard alipoachia. Naye akafia sura ya tano. Aliyefika mwisho ni John, abate wa Ford, Uingereza hukohuko, kwa mahubiri 120. Wimbo mzima, tangu mwanzo, una mistari 117.

Hispania mambo yalikuwa magumu zaidi. Mtawa Fray Luis de León alifungwa tangu 1572 hadi 1576, na miongoni mwa makosa aliyoshtakiwa ni kuutafsiri wimbo huo kwa Kihispania. Tafsiri hiyo alikuwa amemfanyia mtawa wa kike, ndugu yake. Mtawa Teresa wa Ávila, Hispania hukohuko, aliandika tafakari juu ya Wimbo huo. Padri muungamishi wake akamwamuru aichome. Akaichoma. Masista, kumbe, walikuwa wameshainakili.

Mwaka 1588 maandishi ya Teresa yalichapishwa Salamanca, na mhariri alikuwa Fray Luis yuleyule. Tafakari ya Wimbo haikuwemo. Ilisubiri hadi 1611.