Falme Tatu Dhidi ya Turkana: Pambano la Rekodi

Tangu 1997 kampuni ya Koei ya Japani imekuwa ikiuza vita vya Uchina wa kale ndani ya PlayStation. Gemu yenyewe ni Dynasty Warriors: unachagua jemadari mmoja, unakabidhiwa mkuki au upanga, unatupwa katikati ya umati wa maadui, kazi yako ni kufyeka tu. Vita hivyo ni vya enzi ya Falme Tatu, miaka 1,800 hivi iliyopita, na mashabiki wake huapa kwamba hakuna vilivyowahi kuvizidi. Ngojeni kwanza. Ukanda wa magharibi mwa Ziwa Turkana, kutoka Nariokotome kushuka hadi Lodwar na kupinda kuelekea Kakuma, una rekodi zake, na zinataka mpinzani.

1. Jeshi kubwa zaidi

Mapigano ya Magenge Mekundu, majira ya baridi ya mwaka 208. Mbabe wa vita Cao Cao alitamba kwamba anashuka na askari laki nane. Kaunti nzima ya Turkana ilihesabiwa watu 926,976 katika sensa ya 2019, kwa hiyo piga picha karibu kaunti yote, wazee na watoto wa mgongoni wakiwemo, ikiandamana kando ya mto mmoja! Adui yake Zhou Yu hakutishika. Alipiga hesabu zake akasema hao ni kati ya 220,000 na 240,000. Hapo wanatoshea Kakuma: kambi hiyo ya wakimbizi pamoja na makazi jirani ya Kalobeyei zina watu karibu laki tatu.

Upande wa pili walikuwa askari kama 50,000, pungufu ya wakazi wa mji wa Lodwar, ambao sensa iliwakuta zaidi ya 82,000. Na hao wachache ndio walioshinda, kwa kuzitia moto merikebu za Cao Cao zilizokuwa zimebanana mtoni. Kwa wingi wa watu, Uchina inachukua raundi hii bila jasho.

2. Hasara kubwa zaidi

Mwaka 157 dola ya Han, iliyotangulia Falme Tatu, iliandikisha watu milioni 56 na ushei. Mwaka 280, Falme Tatu zilipokwisha kuunganishwa, daftari lilionyesha milioni 16. Pengo ni milioni 40, na Kenya yote mwaka 2019 ilikuwa na milioni 47.6. Si wote waliokufa. Wengi walitoroka karani wa kodi. Hata hivyo ni rekodi ambayo hakuna anayeitamani.

3. Silaha nzito, ndefu, na fupi kuliko zote

Riwaya ya Falme Tatu, iliyotungwa karne ya 14, inampa jemadari Guan Yu upanga wa mpini mrefu wenye uzito wa jin 82. Kwa mizani ya enzi za Han hiyo ni kama kilo 18 hadi 20, yaani mtungi wa maji wa lita 20 uliojaa pomoni. Kwa mizani ya Ming, waliotawala baadaye, inakaribia kilo 50: mfuko wa saruji! Mtu apigane vita siku nzima akiupunga mfuko wa saruji kwa fimbo. Mimi namwamini wa mtungi, wa saruji namwachia mtunzi.

Mwenzake Zhang Fei alibeba mkuki wa chi 18. Kwa vipimo vya Han ni mita 4.2 hivi, urefu ule ule wa Probox inayokimbia barabara ya Lodwar, kutoka taa za mbele hadi za nyuma.

Turkana inajibu kwa kwenda upande mwingine kabisa: kisu cha duara kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono kama bangili, makali yakiwa yamefunikwa kwa ngozi mpaka yahitajike. Hakuna silaha ya Dynasty Warriors inayoweza kupeana mkono na mgeni huku imevaliwa. Taji la ufupi linabaki nyumbani.

4. Vita vikongwe zaidi

Hapa pambano linageuka. Mwaka 2012, mahali paitwapo Nataruk, kusini-magharibi mwa ziwa, mifupa ya watu ilianza kuonekana juu ya ardhi. Timu ya Marta Mirazón Lahr wa Chuo Kikuu cha Cambridge ilihesabu watu wasiopungua 27. Nissan mbili za abiria 14 zingewabeba wote na kiti kimoja kikabaki. Hawakuzikwa: walianguka ukingoni mwa kidimbwi cha ziwa, matope yakawafunika. Kati ya mifupa 12 iliyokuwa bado imeshikamana, 10 ilikuwa na majeraha ya kifo cha nguvu: mafuvu yaliyopasuka, magoti na mbavu zilizovunjwa. Fuvu moja lilikuwa bado limeshika kijembe cha obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalokata kama wembe. Mmoja wa wanawake alikuwa na mimba kubwa.

Umri wake? Takriban miaka 10,000. Siku merikebu za Cao Cao zinatiwa moto, Nataruk ilikuwa tayari na miaka zaidi ya 8,000!

Wako wataalamu waliopinga, wakidai baadhi ya mipasuko ilitokana na uzito wa udongo, na Sudan nayo ina Jebel Sahaba, yenye watu 61 na umri unaozidi miaka 13,000. Lakini Jebel Sahaba ni makaburi, watu walizikwa na wenzao. Nataruk ni uwanja wenyewe ulioachwa kama ulivyo. Kwa Falme Tatu, umri huo haukaribiwi hata kidogo.

5. Mrefu zaidi kwa umri wake

Historia inampa Zhuge Liang, bingwa wa hila wa gemu hii, urefu wa chi 8, yaani mita 1.85. Sasa twende Nariokotome, Agosti 1984. Kamoya Kimeu anaona kipande kidogo cha paji la uso kati ya kokoto. Richard Leakey na Alan Walker wanachimba, inatoka mifupa 108: Mvulana wa Turkana, kiunzi kamili kuliko vyote vya binadamu wa mwanzo wa aina yake, mwenye miaka kama milioni 1.5. Alikufa akiwa na miaka minane au tisa kwa kusoma meno yake, na tayari alikuwa mita 1.60. Makadirio ya kwanza yalisema angekua akafika, shikilieni hapo, mita 1.85! Wataalamu wa baadaye wamempunguza, lakini mtoto wa umri huo leo hana pa kumfikia.

6. Mwendo kasi zaidi

Farasi wa jemadari Lu Bu, Sungura Mwekundu, anasifiwa kwamba alikwenda li 1,000 kwa siku: kilomita 415 hivi, karibu safari ya Kakuma hadi Kitale. Akikimbia saa 24 bila kunywa maji, wastani ni kilomita 17 kwa saa. Mturkana Paul Ereng alitwaa dhahabu ya mita 800 Seoul mwaka 1988 kwa dakika 1 na sekunde 43.45, wastani wa karibu kilomita 28 kwa saa. Kwamba alisimama baada ya mita 800 tusilitaje. Kakuma nayo ilitoa wakimbiaji watano kati ya wanamichezo kumi wa timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki, Rio 2016. Nusu ya timu kutoka kambi moja!

7. Gemu yenye maadui wachache zaidi wa kuua

Dynasty Warriors hushangilia ukifyeka maadui 1,000 katika pambano moja. Jibu hapa halitoki Turkana bali kwa jirani: Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kambini Uganda, alitunga gemu ya Salaam, ambamo unakimbia vita badala ya kuvipigana. Mwaka 2018 ikampatia tuzo kwenye The Game Awards.

8. Kifaa kikongwe zaidi mkononi mwa kiumbe

Lomekwi, karibu na ziwa, ilichimbwa kuanzia 2011 na Sonia Harmand na Jason Lewis. Zana za mawe zenye miaka milioni 3.3, zinazowatangulia zile za Gona, Ethiopia, kwa miaka 700,000. Jiwe zito kuliko yote lina kilo 15, halipitwi sana na upanga wa Guan Yu. Na miaka 1,800 iliyopita tangu Falme Tatu? Inaingia katika umri wa Lomekwi zaidi ya mara 1,800!