Waruka Kama Ndege, na Theluji Hakuna

Mtu akikuambia kwamba mwezi wa Agosti, jua likiwaka na watazamaji wakijipepea kwa kofia, kuna vijana wanaoteremka mlimani kwa mbao za kutelezea theluji, yamkini utamshauri akae kivulini kidogo, kichwa kimepata joto. Lakini ndivyo mambo yalivyo. Tangu mwaka 1994 kumekuwa na mashindano ya kimataifa ya kuruka kwa skii yafanyikayo majira ya joto, yaitwayo Grand Prix. Yamewahi kupita Hinterzarten katika Ujerumani, Courchevel katika Ufaransa, Wisła katika Poland, hata Hakuba huko Japani. Ng'ombe wanakula majani mabichi pembeni, na theluji hakuna hata ya dawa.

Kwanza tuueleze mchezo wenyewe, maana huku kwetu si wengi waliouona. Mrukaji huketi juu ya ubao, kileleni pa mteremko mkali, miguuni amefunga mbao mbili zilizo ndefu kumpita yeye. Akijiachia, hushuka kwa kasi ya kama kilomita 90 kwa saa. Njia inapokatika ghafula, huruka, akajilaza mbele mpaka uso wake ukakaribia ncha za mbao zile, nazo amezitanua mfano wa herufi V. Hupaa zaidi ya mita 100 kabla ya kutua. Waamuzi watano humpa maksi, kila mmoja hadi 20. Ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, zikahesabiwa tatu zilizobaki pamoja na umbali aliofika.

Sasa pasipo theluji huteleza juu ya nini? Jibu lilipatikana mwaka 1954 katika iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki. Mkufunzi mmoja, Hans Renner, alichoka kuona vijana wake wakikaa bure nusu ya mwaka. Akatengeneza mikeka ya nyuzi za plastiki na kuitandaza mlimani. Nasi watu wa pwani hatuna haja ya kuelezwa sana namna ilivyotandazwa, kwani ni ufundi wa paa la makuti: huanzwa chini, safu ya juu ikalalia ya chini, nyuzi zote zikielekea mteremkoni. Tofauti ni kwamba makuti huezekwa ili maji yapite yaende zake, na mikeka ile hurushiwa maji makusudi, kwa kuwa ikikauka huwa haitelezi. Kule juu anakoshukia mrukaji hutiwa mifereji miwili ya kauri au ya chuma, nayo pia hulowanishwa.

Ama kuhusu upepo, hapa ndugu zetu mabaharia watacheka. Nahodha akikutana na upepo wa mbele hana budi kwenda mbisho, na safari huwa ndefu. Upepo ukitoka nyuma, ndipo tanga linapojaa na roho ikatua. Kwa mrukaji mambo ni kinyume kabisa. Upepo wa mbele ndio rafiki yake, humwingia chini ya mbao ukambeba. Wa nyuma humbwaga kama embe bivu. Basi ilikuwa kawaida watu wawili wa ustadi mmoja waruke kwa kupishana dakika moja, mmoja apate upepo mwema na mwenziwe akose, na matokeo yaandikwe hivyo hivyo. Dhuluma hiyo ilianza kutafutiwa dawa katika mashindano ya majira ya joto ya mwaka 2009, ulipojaribiwa utaratibu wa kumpunguzia maksi aliyesaidiwa na upepo na kumwongezea aliyeonewa. Jaribio lilifaulu, likaingizwa katika mashindano ya baridi. Wapo wanunung'unikao kwamba siku hizi huwezi kumjua mshindi kwa macho yako mpaka mashine ikwambie. Mimi naona afadhali mashine kuliko bahati nasibu.

Na theluji nayo ina dhuluma zake. Muulize Masahiko Harada wa Japani. Februari 1994, katika Olimpiki ya Lillehammer, timu yake ilikuwa inaongoza na amebaki yeye peke yake. Akaruka mita 97.5 tu, dhahabu ikaenda kwa Wajerumani. Michezo iliyofuata ilikuwa nyumbani kwao, kilimani Hakuba. Majira ya joto ya 1997, juu ya plastiki, Harada ndiye aliyekuwa bingwa wa Grand Prix. Ilipofika siku yenyewe, Februari 1998, theluji ikaanguka kwa wingi, njia ikawa nzito, na ruko lake la kwanza likakomea mita 79.5. Watu wakashika vichwa: yaleyale tena! La pili likafika mita 137, sawasawa na la mwenziwe Takanobu Okabe, aliyekuwa bingwa wa kwanza kabisa wa Grand Prix mwaka 1994. Dhahabu ikabaki Japani.

Katika kijiji hicho hicho cha Hakuba, na katika michezo hiyo hiyo, ndipo Philip Boit wetu alipomaliza wa mwisho katika mbio za skii za kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamngojea mwishoni amkumbatie.

Wakubwa wengi hawayapi mashindano ya joto uzito; huonekana mara mbili tatu, kisha hurudi mazoezini kungoja baridi. Kwa hiyo wadogo hupata nafasi. Mwaka 2023 bingwa alikuwa Vladimir Zografski wa Bulgaria, nchi isiyo na jina kubwa katika mchezo huu. Lakini sijui dharau hiyo itaendelea mpaka lini. Novemba 2022 Kombe la Dunia la kuruka, lile la baridi hasa, lilifunguliwa Wisła mapema kuliko kawaida, kwa sababu kandanda ilikuwa inaelekea Qatar mwezi huo huo na hakuna aliyetaka kugombania watazamaji nayo. Theluji ilikuwa haijafika. Njia ya juu ikagandishwa barafu kwa mitambo, na chini, pa kutulia, ikawa mikeka ileile. Jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea katika historia ya Kombe hilo. Aliyeshinda siku ya kwanza ni Dawid Kubacki, kijana wa Poland, bingwa wa majira ya joto ya mwaka uleule. Siku ya pili akashinda yeye tena, na maksi zake zote zikaandikwa katika daftari la baridi.