Msalaba wa Jiwe Ulioko Malindi

Watu wa Ngomeni wauonapo mnara wa Vasco da Gama huko Malindi hudhani wote ni kazi ya Wareno waliofika Aprili 1498. Sivyo. Kitu cha kale hasa ni ule msalaba mdogo wa kileleni, wenye nembo ya Ureno, uliochongwa kwa jiwe la chokaa la Lisbon. Mnara wenyewe ni matumbawe ya pwani yetu, nao ulijengwa baadaye. Yasimuliwa kwamba nguzo ya kwanza iliwachukiza Waislamu wa mji, ikaondolewa. Lakini mfalme akauhifadhi msalaba.

Huko Ngomeni nako merikebu ya kale ilizama. Basi mvuvi aonaye jiwe geni lililochongwa asilivunje wala asilihamishe. Sheria ya mwaka 2006 yamtaka aiarifu Makumbusho ya Taifa.